Gavana Ambaye Hakupigiwa Kura

Hamisi,

Umerogwa, au ni shibe inakulevya? Mtu mzima, una mke na watoto, unaacha ualimu eti kwa vile mgombea ugavana amekuahidi cheo! Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna. Asalaam aleikum, mko wazima? Kifua cha mkeo Zuhura kimepoa? Mimi mzima, ni magoti tu yanagombana na baridi ya hapa ugenini Lozells.

Sasa nisikilize. Jirani yangu Shamim, yule Mpakistani aliyelelewa Nairobi, kakake alikuwa gavana wa jimbo huko kwao. Jumapili nikaona magari yamejaa mlangoni pake, wanawake wanaingia na masufuria ya chakula. Nikasema, hii ni sherehe, kaka mtu amepanda tena. Nikajifunga leso mpya, nikabeba mahamri, na kuvuka kizingiti tu nikapiga vigelegele, vile vya kwetu vya kuamsha mtaa.

Mama mmoja akaangusha tasbihi.

Shamim akanivuta jikoni. "Mama Hamisi, wacha! Ndugu yangu ametolewa."

"Wananchi wamemchoka?"

"Wananchi hawakumchagua. Aliwekwa na rais."

"Na jimbo anatawala nani?"

"Kuna waziri mkuu wa jimbo. Amri ni zake."

"Gavana sasa kazi yake nini?"

"Kutia sahihi. Kuapisha watu. Na anakaa nyumba kubwa sana, mama, ina bustani."

Hamisi, kichwa kiliniuma. Kwetu gavana hupigiwa kura, akatukanwa kwa barabara mbovu, tukajua ni wake. Huyu, kwa maneno ya Shamim, alianzia chama kimoja, akahamia kwa maadui zake, wakamtunuku ugavana. Halafu wakubwa wakagombana wao kwa wao, akaondolewa yeye! Habari aliisikia kwa televisheni, anakunywa chai.

"Basi arudi chama cha kwanza."

"Hawamtaki."

"Arudi kazi yake ya zamani."

"Alikuwa mwalimu wa chuo. Aliacha. Kuna mtu kwa kiti chake."

Hapo nikakukumbuka wewe. Mpaka leo sielewi yule bwana alikuwa mkubwa au mdogo. Lakini hili la kiti nimelielewa. Mgombea wako atapigiwa kura yeye. Wewe utapigiwa na nani? Akinuna asubuhi moja, uko nje, na darasa lako lina mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe wako, na mjomba wako fundi cherehani, mwambie kanzu aliyoniahidi bado naingoja. Wajukuu wabusu.

Ni mimi mamako, Bi Mwanaisha, mwenye hasira na wewe.

Kesho, kabla kengele haijalia, nenda kwa mwalimu mkuu, uombe urudishiwe kazi yako kwa adabu. Uende na Zuhura, anipigie simu yeye, si wewe.