Mwoka Mikate Anakuja Saa Nne Kuonja

Mama,

Ukirudi, bakuli la matunda liko kwenye oveni. Usifungue kabla ya saa tatu na nusu. Baba asikaribie kabisa.

Asubuhi nilikuwa nimeshamaliza. Maembe na mananasi yanatokota chini, madonge ya unga na siagi yameumuka juu, ya kahawia, yamepangana vizuri. Nikaenda kuoga. Kurudi, katikati pana shimo, na Baba anatafuna.

“Mwanangu, nilikuwa naangalia tu kama yameiva.”

Ameangalia madonge matatu! Nimelia kidogo, kisha nikakanda unga mwingine nikaziba. Kwa hiyo ya katikati ni mapya. Yakishakuwa kahawia kama yale mengine, zima.

Mwoka mikate umpakulie kwa kijiko, usikate kama keki. Mpe ya pembeni. Na Baba asimsimulie habari za shimo, namjua.

Najua ulivyombembeleza huyo mzee aje kuonja, na ile kazi ya dukani kwake naitaka sana. Ila kumtazama mtu akitafuna nilichopika, Mama, siwezi.

~~Mwambie naumwa.~~

~~Mwambie nimeenda kwa Shangazi.~~

Niko uani, nafua mapazia. Akiuliza nani kaoka, usinijibie. Niite. Nitakuja hivyo hivyo na povu mikononi, nimwambie mwenyewe kwamba ni mimi.

Kitindamimba wako