Togwa Tuliyoisahau

Jumatatu, 6 Januari 1913
Magugu yamezidi mtama kwa urefu. Mume wangu Yotham kalala na mguu uliovimba — gogo la daraja la boma lilimwangukia. Wadogo zake wamechukuliwa na akida kwenda kutengeneza barabara. Nimepalilia peke yangu tangu alfajiri na shamba halionyeshi kama nimeligusa. Palizi ikichelewa, mwaka huu tutakula majani pamoja na mbuzi.

Nimekwenda kwa jirani yetu, Mzee Matonya, kuomba watu. Kauliza kama nimepika pombe. Nikasema tutaimba na kusali pamoja. Kasema kusali ni kuzuri, ila hajaona jembe likinyanyuliwa na wimbo mtupu.

Jumanne, 7 Januari
Mume wangu ni mwalimu wa shule ya misheni. Jumapili huhubiri juu ya ulevi, na sauti anayo. Nimempa maneno ya Matonya. Kajigeuza kitandani. Halafu kasema togwa, uji mtamu usiolevya, haikukatazwa. Nikasema togwa haileti watu shambani. Yeye, macho yakiwa juu kwenye paa: mtu akipika togwa akaisahau mpaka ikachacha, hiyo si dhambi, ni usahaulifu.

Basi nimepewa ruhusa ya kusahau.

Lakini mimi nimelelewa misheni. Najua kushona, najua Zaburi, najua kupiga pasi kola ya Kasisi. Pombe siijui. Nikamwendea mama mkwe, ambaye hajabatizwa wala hana haraka. Kacheka mpaka akakaa chini.

“Loweka uwele, mwanangu. Uote, uanike, usage, upike uji, uchanganye, uache.”
“Niache mpaka lini, mama?”
“Mpaka iwe tayari.”
“Nitajuaje?”
“Itakuambia.”

Jumamosi, 11 Januari
Uwele umeoza. Baada ya kuuloweka nilipaswa kuuchuja na kuufunika kwa majani, uwe na unyevu tu. Mimi niliumwagilia asubuhi na jioni kama bustani ya Kasisi. Unanuka mbwa aliyenyeshewa. Kuku wamenusa, wakaondoka.

Limebaki kapu moja, na ndilo chakula chetu. Nimelitazama muda mrefu. Kisha nimeloweka.

Yotham anasema hataki kujua lolote. Kisha kauliza kama safari hii nimeyachuja maji vizuri.

Jumatano, 15 Januari
Kimea kimeota — vijino vyeupe kila punje! Nilikuwa nimekianika uani, mvua ikaja ghafla, nikakimbia nacho ndani. Pakavu palikuwa mezani kwa Yotham tu, kando ya Biblia. Nikakitandaza hapo. Yotham kaivuta Biblia pembeni. Baadaye nimemkuta anafukuza nzi.

Jumamosi, 18 Januari
Nimesaga kimea, nimepika uji mwingi. Mama mkwe kaja kutazama. Kasema nitie kidole: kikiungua, ningoje, kikivumilia, nitie unga wa kimea. Neno lake la kwanza nililolielewa. Nimeungua kidole, nimengoja, nimetia. Mtungi nimeufunika nyuma ya mlango.

Jioni Yotham kaonja, ikiwa bado tamu. “Togwa nzuri,” kasema. “Sasa isahau.”

Jumapili, 19 Januari
Baada ya ibada Sila, mzee wa kanisa, kaja kumjulia hali Yotham. Wakati wanaongea, mtungi ukatoa sauti nyuma ya mlango. Bwu, bwu. Kama chura.

Sila kauliza ni nini. Yotham kasema ni tumbo lake.

Sila akaliombea tumbo. Likaendelea.

Jumatatu, 20 Januari
Jana nilimpelekea Matonya habari; leo wamekuja kabla jua halijapanda, Matonya na watu wake, wanaume kwa wanawake. Na Sila — na jembe lake! Kasema amekuja kumsaidia mgonjwa. Jua lilipofika kichwani nusu ya shamba ilikuwa safi. Nilitaka kulia.

Nimechuja pombe, nimeitoa uani. Inanukia vizuri, hata mama mkwe kaguna kwa kuridhika. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Matonya, kwa adabu sana, kasema pombe huonjwa kwanza na wenyeji, watu wajue haina sumu. Nikachukua kibuyu mimi.

“Si wewe, mwanangu. Mwenye nyumba,” kasema Matonya.

Tukamtoa Yotham, tukamkalisha kwenye kigoda. Nikampa kibuyu. Yeye kamtazama Sila. Sila kakitazama kibuyu. Watu wameshika majembe yao, na nusu ya shamba bado.

Nimeingia ndani kuchukua kata, naandika nimesimama. Sasa Yotham kasema, tuombe kwanza. Sala ndefu — kaanza na Nuhu akijenga safina, anaelekea shamba lake la mizabibu. Namsikia Sila anaitikia amina ya mwisho, kwa sauti ya mtu mwenye kiu, na sala haijafika hata kwenye gharika.