Mandolini Uliyoikataa

Baba,

Ijumaa nilikutolea salamu kaburini, lakini palikuwa na watu, nikarudi na maneno yangu. Haya nayaandika kwenye meza yako ya kazi, mlango wazi, jua la asubuhi limejaa uani na karafuu za jirani zimeanikwa mpaka karibu na kizingiti chetu. Mama hajambo. Anakula kidogo na anagomba sana, kwa hiyo najua atapoa.

Randa zako ninazo mimi. Arobaini yako haijaisha, watu wa Wete wakasema mtoto wa kike hawezi kutengeneza udi za taarabu. Wiki iliyofuata wakaniletea udi zao. Ungecheka.

Baba, Bi Raya wa Mgogoni amerudi. Unamkumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili alipokuja mara ya kwanza, na ile mandolini kuukuu aliyoifunga kwenye kanga, anatafuta wa kuichukua. Uliipokea kwa bashasha, hujaitazama vizuri ukaniita, "Zuwena, n'letea kitambaa!" Nyuzi zikalia. Hakuna aliyezigusa. Ukaigeuza, ukaitazama, ukamrudishia papo hapo, hata kanga hukuifunga. "Ondoka nacho, bibi. Chombo chino kina mwenyewe." Mimi nikadhani ni mali ya wizi.

Tangu siku ile hukuniita tena kwa jina. Ikawa "mwanangu", ikawa "we mtoto". Hata hospitali, nimekushika mkono, ulisema "mwanangu" tu. Zaidi ya miaka ishirini, Baba! Nilipekua makosa yangu yote ya utotoni nikitafuta ni lipi lililonipotezea jina langu mdomoni mwako. Iliniuma, na nilikukasirikia, na sikuwahi kukwambia.

Safari hii Bi Raya hakutaka hata kuingia ndani. Aliiweka kizingitini akasema, "Kwangu haikaliki. Baba'ko kafa, basi tazama wewe." Nikaipokea. Ubishi wako nao nimeurithi.

Kwanza niliona imetoka Ulaya. Tumbo limeviringana kama kibuyu, nyuzi nane mbili mbili, funguo za kukazia za kizungu. Lakini karatasi ya kiwanda haimo, wala alama kwamba iliwahi kuwamo. Nikaukwaruza ubavu kidogo, ukatoka umanjano wa mfenesi. Nani Ulaya anachonga mfenesi? Nikamulika ndani kwa simu. Alama za patasi zote zilikuwa za mtu wa mkono wa kushoto. Katika kisiwa hiki nimemjua fundi mmoja tu wa shoto, nawe uliniambia hujaunda mandolini maisha yako yote.

Nikiwa nimeinamia hapo, Mama akaita kutoka jikoni, "Zuwena!" Ikalia. Nikamwomba amwite Mwanaisha wa jirani, kwa sauti ileile. Kimya. "Zuwena!" Ikalia tena, nyembamba, kama mtu anayeitika yuko mbali. Ulinifundisha kwamba kila chombo kina sauti yake, na ukiipata kitakujibu. Hukunifundisha kwamba kinaweza kuchagua majina.

Unajua nilichofanya. Nilipasha kisu moto nikaufungua uso wake taratibu, kwa sababu ya desturi yako: kabla chombo hakijafunikwa, fundi huandika ndani jina la mwenyewe, asilione mtu tena ila fundi atakayekuja kukifungua. Penseli ilikuwa imefifia. Herufi za Kiarabu, mwandiko wako, na ile wau yako yenye mkia mrefu. Zuwena.

Nilimulika karibu zaidi. Kisha nikasoma mpaka mwisho. Mimi ni Zuwena binti Makame. Pale umeandika Zuwena binti Khamisi, binti wa babu.

Nilimpigia simu shangazi, kule Makangale. Nikamsomea lile jina. "Huyo ndo somo yako," akasema. "Mdogo wetu, kitinda mimba. Makame kamuundia kwa mikono yake, na kafa siku ileile ilipofunikwa, haijatiwa hata uzi mmoja. Makame kaitoa nyumbani, na jina lake halikutajwa tena mpaka ulipozaliwa weye."

Kumbe uliniita mimi, akaitika yeye. Ndiyo maana ukaogopa. Na mimi nilidhani hunipendi.

Nimeifunika tena. Chini ya jina lake nimeandika lako, kaka mtu na fundi wake. Sitaiuza wala sitampa mtu, nakuahidi. Itakaa ukutani, juu ya kiti chako.

Jambo moja limebaki. Asubuhi hii, kabla sijashika kalamu, Mama yuko sokoni na uani hapana mtu, nyuzi zililia. Huwa zinalia jina linapoitwa tu, Baba. Nikatazama mlangoni, nikazunguka nyuma ya nyumba. Kuku tu. Ulitukataza tangu wadogo, mtu akisikia anaitwa na hamwoni anayemwita, asiitike.

Buriani, Baba. Mola akulaze pema. Ukiita tena nitamwacha somo yangu atangulie, yeye ndiye mkubwa. Lakini leo sikuweza kungoja. Nilisimama katikati ya uwanja, peke yangu, nikaitika.

Abee.

Mwanao,
Zuwena binti Makame