Kuku wa Bibi Mwantum

Jumatatu, 4 Machi 1912
Tumerudi kutoka bomani. Dokta Mdachi alilishika titi la mke wangu kama mtu anayechagua boga — usoni hakumtazama. Uvimbe ni mgumu, na sasa umepasuka. Amesema titi likatwe. Anyesi amekataa. Njia nzima alisema neno moja tu: Nimenyonyesha watoto wanne kwa hili, Baba Ruthu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kwa Bibi Mwantum, yule Mrangi wa ng'ambo ya korongo. Mwalimu wa misheni kwa mganga! Padre akisikia, shule sina. Lakini mti ni mti. Mungu aliuotesha kabla sisi hatujabatizwa.
Nilimtazama akichuna gome la mgunga. Kidogo upande wa macheo, kidogo upande wa machweo. Hazungushi. Mti ukizungushwa hufa, asema, na dawa yake hufa nao. Gome ni la kuchemsha na kunywa. Jani la mshubiri ni la kufunga kidondani.
Akataka kuku. Nikampa yule wa madoa, kipenzi cha Anyesi. Hachinjwi — atamfuga kwake mpaka mgonjwa apone, ndipo tumle pamoja. Ugonjwa ukimshinda, humrudisha kuku bila maneno. Huku kila mtu anaijua desturi yake hiyo.

Jumapili, 17 Machi
Harufu imekwisha! Kidonda kimekauka pembeni. Anyesi alilala usiku kucha, amekula uji wa uwele, akanicheka kwa kuunguza chungu cha dawa. Kanisani padre aliuliza habari za mama. Nikasema anaendelea vizuri. Si uongo, ila sikumtazama machoni.
Anyesi asema kuku wake lazima amenenepa, tusimchinje bila yeye.

Ijumaa, 22 Machi
Bibi Mwantum alikuja kubadilisha jani. Akapapasa kwapani. Akarudia. Hapo pana uvimbe mwingine, mgumu.
Nilimfuata nje kumuuliza. Akasema dawa yake hukausha na kupoza maumivu. Huko ndani hajui kama inafika. Kisha akauliza habari za mtama wetu.
Naogopa. Nilimchukia dokta kwa kusema wazi, leo namchukia huyu bibi kwa kuuliza habari za mtama.

Jumamosi, 23 Machi
Kuku yuko uani. Yule wa madoa! Nimemkuta alfajiri akichakura majivuni, kipande cha kamba mguuni.
Kuku hukumbuka kwao. Korongo si mbali, na mlango wa ua ulikuwa wazi. Huenda alikata kamba akaja mwenyewe. Huenda. Niende kumuuliza Bibi Mwantum? Miguu haitaki.
Nimemfunika kwa tenga, nimekaa hapa kando yake, naandika. Anyesi asimwone kabla sijajua la kusema.
Mjinga huyu ameanza kutetea kama anayetaka kutaga.
Ndani Anyesi amekohoa. Anaita: Baba Ruthu, huyo si kuku wangu?
Nimelikandamiza tenga.
Anauliza tena, polepole: amekuja peke yake, au ameletwa?