Mtani Wangu Amechukua Vidonge Vyangu vya Utafiti, na Vyake Anavimeza Pia

Mpendwa Mama Rahabu,

Shikamoo. Naomba msaada, na naomba usianze kunigombeza kabla hujafika mwisho, maana shule niliacha kidato cha pili, si kwamba kichwa kilikuwa kizito, hapana, walimu ndio walichoka kujibiwa. Mimi ni kijana wa Kinampanda, nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, najaza mashudu kwenye magunia na kuyabeba, na kwa kubeba gunia hapa hakuna wa kunisogelea, muulize yeyote. Ila nina pumu. Vumbi la maganda likikutana na huu upepo wetu usiojua kupumzika, kifua kinabana, kinapiga filimbi mpaka wateja wanadhani ni mashine inataka grisi.

Sasa mwaka huu hospitalini wakaja watu wa utafiti, ikatangazwa kanisani na msikitini kwamba wanatafuta watu wazima wenye pumu ili kujaribu dawa mpya ya vidonge. Wengi walikimbia, wakasema tunageuzwa panya. Mimi nikasema panya wa kijiji hiki wanakula vizuri kuliko mimi, nikaenda wa kwanza. Kuna nesi pale anaitwa Sista Witness, akatueleza polepole kwamba kila mtu ataendelea na inhela yake ya kupuliza mdomoni kila siku bila kuacha, halafu juu yake atapewa kopo la vidonge, na makopo yote yanafanana, vidonge vinafanana, ila nusu vina dawa mpya na nusu havina kitu ndani, na nani kapata kipi hajui yeye, hajui daktari, hatujui sisi, kompyuta ndiyo imepanga. Na kila mtu ameze vyake, asimpe mwenzake hata kimoja. Nikaweka saini. Saini yangu nzuri kuliko ya daktari.

Pale kwenye benchi pembeni yangu alikaa Mzee Maduhu. Huyu ni Msukuma, alihamia kwetu na ng'ombe kabla sijazaliwa, na mimi ni Mnyiramba, kwa hiyo ni mtani wangu. Nikimwona ni shikamoo kwanza, hiyo haina mchezo, lakini marahaba ikishamtoka tu, vita imeanza. Siku ile nikamwambia, "Babu, umepotea njia, hapa wanatibu vifua vya watu, daktari wa mifugo yuko kule chini." Akanijibu, "Nimekuja kuangalia Mnyiramba anameza kwanza. Akidondoka, mimi narudi nyumbani na hela ya nauli." Watu walicheka mpaka Sista Witness akaweka kalamu chini.

Mwezi haujaisha, Mama, kifua changu kikawa chepesi kama kimefanyiwa usafi. Nikacheza mpira kipindi chote cha pili bila kukaa, nikapiga na bao, ingawa golikipa anasema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Ndipo nikaanza kumtangazia Mzee Maduhu kila nikipita kwake, "Babu, mimi ndiye nimepata dawa yenyewe, wewe wamekupa chokaa. Kompyuta ina akili, inajua Msukuma dawa atampa ndama." Nikapita asubuhi napiga mluzi ajue nina pumzi ya ziada. Yeye bado anakohoa. Mwanzo alikuwa ananijibu, baadaye akawa ananitazama tu, na mimi nikahesabu kwamba nimemshinda.

Siku moja tuko kazini, mashine inanguruma, akaja na fimbo yake, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye msumari ninapotundika koti langu, akatia mkono mfukoni, akatoa kopo langu la vidonge, akalipandisha juu watu wote waone. "Mtani," akasema, "hii nimechukua." Kijiwe chote kikapiga makofi, na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote, ningefanya nini? Mtani akichukua kitu chako hukasiriki na humshtaki, unakwenda kukomboa kwa adabu. Ukilalamika, unachekwa wewe, na wanao watachekwa.

Kesho yake nikaenda na kuku. Akamgeuzageuza yule kuku, akasema, "Mapafu mapya kwa kuku mmoja? Lete dume la ng'ombe, Mnyiramba." Nikamwambia, basi babu, shika kopo langu lakini usimeze, weka tu. Akanicheka usoni. "Nimeze nini sasa? Chokaa zangu nameza kwa heshima ya daktari, na dawa yako nameza kwa ajili ya kifua changu."

Mama, anameza vyote viwili. Kila siku.

Nilijiambia mzee yuko sawa, si umeona anatembea, si umeona anatukana. Mpaka juzi mjukuu wake, Esta, akaja mashineni kuchukua mafuta, akaniambia, "Babu siku hizi simwelewi. Mkono unatetemeka, chai yote imemwagikia gotini, anasema ni baridi. Baridi gani saa saba mchana? Na nikiweka sikio mgongoni kwake moyo unakwenda kama pikipiki iliyobanwa resi." Akaniuliza kama na mimi dawa za utafiti zinanifanya hivyo. Nikamjibu mimi mwili wangu ni wa chuma. Hakucheka. Hajui kama babu yake ana makopo mawili.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka. Nafunga gunia, nalifungua, nimesahau kama nimeshalipima. Kila asubuhi nasimama nyuma ya ua wa Mzee Maduhu kama mwizi, nikisikia kikohozi naondoka na furaha, ndiyo, nafurahia kikohozi cha mtu. Alhamisi ndiyo siku yetu ya kurudi kwa Sista Witness na makopo, wanahesabu vilivyobaki. Nikisema ukweli tutafukuzwa wote wawili, na mimi ndiye niliyejisifia mbele ya wenzangu kwamba nafuata maelekezo. Na mtani anayempeleka mtani wake kwa wazungu wa dawa, huyo kwetu amekwisha. Nimewaza kusema kopo lilidondoka kwenye mashine likakamuliwa na alizeti, ila naogopa wataagiza mafuta ya kijiji kizima yamwagwe. Nimewaza pia kununua vidonge vyeupe dukani nivitie kwenye kopo lingine.

Kitu kingine cha ajabu, mimi tangu aninyang'anye kopo sijameza hata kimoja na kifua bado ni chepesi. Nadhani dawa ilikuwa kali sana, imebaki kwenye damu.

Nisaidie, nimwombeje mtani wangu kopo langu bila kuvunja utani na bila hospitali kujua? Nakutumia kwa simu kwa sababu posta itachelewa. Jina langu usiliandike, ingawa ukiandika "yule hodari wa mashine ya alizeti" watanijua.

Ni mimi, Kijana wa Kinampanda.

*

MAMA RAHABU ANAJIBU

Marahaba, hodari wa mashine.

Kwanza wasomaji wajue kwamba barua hii haikusubiri zamu ya gazeti. Nilipoisoma nilikupigia pale pale. Ukapokea, ukasikia ni mimi, ukasema mtandao wa Kinampanda unasumbua, ukakata. Nikakutumia ujumbe: mzee asimeze tena kidonge chochote cha utafiti, cha kwako wala cha kwake, mpaka daktari amwone leo. Ujumbe umesomwa, jibu sijaliona. Basi nakusema hadharani, labda hapa mtandao utashika. Majina ya mzee na mjukuu wake nimeyabadilisha. Lako silijui na silihitaji.

Mwanangu, umeniuliza swali la adabu wakati una swali la moyo wa mtu. Unataka kopo lirudi kimya kimya. Mimi nataka mzee aishi. Mkono unaomwaga chai na moyo unaokwenda mbio kwa mtu wa umri ule si vitu vya kutazama kutoka nyuma ya ua. Huenda ni vidonge, huenda ni jambo lingine kabisa. Mimi si daktari, wewe ndiyo kabisa, na kusikiliza kikohozi asubuhi si kipimo.

Nakuhurumia, sikufichi. Utani ni kitu kizuri, na najua ilivyo aibu kulia mbele ya kijiwe kinachopiga makofi. Lakini tazama ulichofanya. Mtani wako alikuwa mgonjwa kama wewe, amekwenda pale na tumaini kama lako, na wewe ukapita kwake kila siku unapiga mluzi, unamwambia tumaini lake ni chokaa. Aliponyamaza ukahesabu bao. Yule mzee hakunyamaza kwa kushindwa. Alinyamaza kwa sababu alikuamini. Utani unaruhusu umwambie ana miguu ya korongo. Hauruhusu umwambie mgonjwa kwamba dawa yake ni bure, tena kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui.

Maana hulijui, mwanangu. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba hujameza na bado unapumua vizuri. Dawa iliyobaki kwenye damu! Huenda vidonge vyako ndivyo vilivyokuwa havina kitu ndani. Huenda umepata nafuu kwa sababu Sista Witness alikufundisha kupuliza inhela kila siku bila kuruka, kitu ambacho nina wasiwasi ulikuwa hukifanyi. Huenda mvua imelaza vumbi. Na huenda dawa ilikuwa kwako kweli, tena na kwa mzee pia, na sasa anameza maradufu. Ndiyo maana wanaficha nani kapata nini, ili majibu yatoke kwenye vipimo, yasitoke kwenye midomo ya watu kama wewe.

Sasa unaona kwa nini kuku wako alikataliwa? Bei ya lile kopo uliipandisha mwenyewe. Ulikiambia kijiji kizima kwamba ndani kuna mapafu mapya, nani atarudisha mapafu mapya kwa kuku? Liondolee sifa ulizolivika, litabaki kopo la plastiki. Neno la kuliondolea sifa ni moja, na najua ni chungu kwako kuliko dawa yoyote: sijui. "Babu, nilikudanganya. Sijui nani ana dawa, na daktari naye hajui."

Kuhusu kufukuzwa. Soma karatasi ulizopewa siku ya kuweka saini, au mwombe Esta akusomee. Kushiriki utafiti ni hiari, na anayetoka hanyimwi matibabu yake ya kawaida. Wakikutoa, utaendelea na inhela yako kama zamani. Na wanaouhitaji ukweli ni wao kuliko mimi. Mzee akimeza makopo mawili nao wasijue, wataandika kwamba dawa imefanya hivi na vile, na kesho atapewa mgonjwa mwingine kwa hesabu iliyoharibiwa na wewe. Kwa hiyo yale mawazo ya vidonge vyeupe vya dukani yafute kabla hayajazoea kichwa chako. Hiyo ndiyo dhambi katika barua yako yote. Mengine ni utoto.

Kwenye kadi uliyopewa ya utafiti kuna namba ya simu ya kupiga wakati wowote mshiriki akipata tatizo. Ipige sasa, usingoje Alhamisi. Waambie bila kupamba: mzee fulani anameza vidonge vya makopo mawili, mkono unatetemeka, moyo unakwenda mbio. Kama hali inatisha, wana utaratibu wa kufungua siri na kujua kilichomo kwenye kila kopo. Mwambie Esta kabla hujamwambia babu yake, na usimwambie huku unajisifu kuwa una mwili wa chuma. Nendeni wote watatu hospitalini na makopo yote mawili, hata kama vimebaki vidonge viwili. Mzee asiache inhela yake, na wewe usiache yako. Na usiseme unampeleka mtani kwa wazungu wa dawa. Sista Witness si mzungu, na aliyekosea mwanzo ni wewe. Wewe ndiye unayejipeleka, yeye anakusindikiza.

Kwenye kijiwe utachekwa, hilo siwezi kukuzuilia. Vumilia. Na njiani mzee atakutukana, atautukana ukoo wako, atawataja Wanyiramba wote waliowahi kuogopa ng'ombe. Usimjibu hata neno. Mshike mkono, tembea polepole, na kila tusi likimtoka mshukuru Mungu: mwenye kutukana bado ana pumzi.

Mama Rahabu