Cheti Kilichozama Kwenye Vanishi

S.L.P. 41,
Birch Lick,
West Virginia.
22 Februari

Mpendwa Shangazi Vonda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na yale mafua yaliyokushika Krismasi yawe yamekuachia. Najua huko Alaska bado mnazoa theluji kwa koleo. Hapa kwetu imeyeyuka ikatuachia matope. Baba ni mzima ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Bibi Opal anakula vizuri na bado anamsengenya kila mtu kanisani. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Ukiona muhuri wa posta ya Birch Lick utashangaa, maana nilikuahidi kwamba barua yangu nyingine itatoka Korea. Shangaa tu. Mimi mwenyewe sijamaliza kushangaa.

Unakumbuka nilivyokuandikia Agosti kwamba nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza watoto wa shule ya msingi mjini Gunsan, kuanzia tarehe moja Machi. Nina miaka thelathini na mitatu, Shangazi, na sijavuka hata mpaka wa Kanada. Shahada ile niliisotea miaka saba, mchana napakua chakula kwenye kantini ya shule, jioni niko darasani. Siku nilipokubaliwa nililia ndani ya gari nje ya duka, mpaka mtu akagonga kioo kuniuliza kama nimefiwa.

Vikwazo vilianza mapema. Alama zangu za vidole, za kuthibitisha kwamba sina kesi polisi, zilikataliwa mara mbili, eti hazisomeki, kwa sababu ya miaka mingi ya maji ya moto na sabuni kali za kantini. Mara ya tatu zikapita. Nikasema basi, Mungu amefungua njia, kilichobaki ni kugongesha mihuri kwenye cheti cha shahada na kukituma.

Jumapili ya pili ya Januari watu wa kanisa wakaniandalia chakula cha kuniaga, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kila nyumba ilileta sufuria yake: maharage, mkate wa mahindi, nyama ya kulungu, na keki iliyochorwa ndege. Halafu Baba akasimama. Wewe unamjua kaka yako, mtu asiyeweza kusema hata sala mbele ya watu. Akafunua shuka, na ndani yake kulikuwa na ubao wa mjozi alioupiga randa mwenyewe, na juu ya ubao ule amegandisha cheti changu. Si nakala. Chenyewe. Kingo amezibabua kwa moto, kama wazee walivyokuwa wakizibabua picha za harusi, kisha akakimiminia vanishi nzito, ile ikikauka inakuwa ngumu kama kioo.

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Jumatatu nikaubeba ubao mpaka benki, kwa Bi Pruitt anayethibitisha hati. Akaugonga kwa kucha, akaugeuza, akachungulia nyuma.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki si cheti tena. Hii ni meza ya kahawa."

Nikamwambia si maandishi yote yanasomeka?

"Yanasomeka, mpenzi, lakini muhuri wa chuo lazima niuguse kwa mkono. Hapa nagusa ubao. Baba yako kakupenda, kakupenda mpaka kakukwamisha."

Nilikwenda kwa mwingine makao makuu ya wilaya, akanijibu hivyo hivyo, ila yeye hakunipa peremende kama Bi Pruitt. Na chuo chenyewe kilifungwa Mei iliyopita, wanafunzi walikuwa wamekwisha. Kumbukumbu zake zilipelekwa Charleston, na kila nilipopiga simu niliambiwa maboksi ni mengi na watu ni wachache, nisubiri hadi Juni.

Bi Seo, mkuu wa shule ya Gunsan, alinisubiri wiki mbili nzima. Kisha akaniandikia kwa adabu kwamba watoto hawawezi kuanza bila mwalimu, nafasi yangu amepewa mwingine, na mlango wa Agosti uko wazi nikitaka kuomba tena. Bora angenitukana.

Sasa niko hapa. Kazi ya kantini kaishika mtu mwingine. Kila Jumapili mzee Harless ananisubiri mlangoni mwa kanisa: "Ee, Darla! Korea umekwenda na kurudi lini?" Mkewe naye akaniuliza kama wazirudishe sufuria zao nyumbani au waziache ukumbini kwa kuniaga mara ya pili. Wanacheka, na mimi nacheka nao.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Orodha ya karatasi zilizotakiwa ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji tangu Septemba. Mstari wa tatu ulisema wazi kwamba cheti kisibandikwe wala kufunikwa kwa kitu chochote. Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa, nikashindwa kunyamaza.

"Baba, ile orodha uliisoma?"

Akaendelea kupaka siagi. "Si nachukua maziwa pale kila siku?"

"Uliisoma au hukuisoma?"

"Niliisoma, Darla."

"Sasa mbona ulifanya vile?"

Akaweka kisu chini. "Vonda aliondoka na kila kitu. Hata picha za marehemu baba alizing'oa kwenye albamu. Nikasema, huyu wangu ataniachia walau karatasi."

"Si ungeniomba nakala!"

"Nakala si wewe."

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Akainuka, akaenda karakana, na tangu siku hiyo tunaombana chumvi kupitia kwa Bibi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Namwonea huruma, na huruma yenyewe inaniongezea hasira.

Na wewe pia nina hasira nawe, Shangazi. Nakupenda, na bila wewe nisingejua kwamba mtu anaweza kutoka Birch Lick akaishi. Lakini miaka ishirini na sita hukumwandikia kaka yako hata kadi. Unaniandikia mimi, unanisifu, unanisukuma niondoke, na adhabu ya safari yako nimeibeba mimi.

Agosti nitakwenda. Nimekwishaomba tena. Cheti kipya kikitoka Charleston kitapelekwa benki kwa Bi Pruitt, si nyumbani. Ndipo tulipofika.

Wasalimie mumeo Gust na binamu zangu, Inga na Tolly. Bibi Opal anasema vaa soksi mbili. Mwenyezi Mungu awalinde kwenye hizo barabara za barafu na awape riziki ya amani, maana hapa imetuishia.

Barua hii usinijibu mimi. Mjibu kaka yako, na kwenye bahasha umtilie picha moja ya babu. Moja tu. Usipofanya hivyo, Agosti nitatoka kwenye nyumba hii nikiwa mtu wa pili kumwacha mikono mitupu, na sijui kama atainuka tena.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Darla