Nyumba ya Tenneh

Mwaka umetimia, Kemokai, tangu Jumanne ile waliposhusha mwili wako kaburini watu wenye mavazi ya mpira, sura zao hazionekani, nasi tukiwa tumezuiwa nyuma ya kamba. Hatukukuosha. Sanda hatukukuvika. Mama alipaza sauti ili usikie kwamba tulikatazwa, si kwamba hatukukupenda. Hatujui kama ulimsikia, maana mashine yao ya kupulizia dawa ilikuwa ikinguruma.

Ulikuwa mpole, na ulikuwa mbishi. Miaka kumi ulizunguka vijiji vya Kenema na pikipiki yako, mitego ya bati imefungwa nyuma, ukiwaomba akina mama uilaze jikoni mwao. Watoto walikuita Mkwe wa Panya. Nawe uliwajibu kwamba wamsalimie mama mkwe na wamwambie leo asitoke. Mtu mzima, na bado ulikuwa ukijichekea mwenyewe kwa utani huo kila mara.

Kazi yako ulitueleza kwa subira, hata sisi tuliosinzia. Panya wa nyumbani wanafanana, ulisema, na jicho halitoshi kuwatenganisha. Lakini ukikata kipande kidogo cha sikio na kukipeleka maabara, vinasaba vyake vitakuambia ni panya wa aina gani na wa ukoo gani. Na kirusi cha homa ya Lassa kilichomo ndani yake nacho kina ukoo wake, kinasomeka vilevile. Jambo lililokutisha wewe, mtu usiyeogopa kitu, ni kwamba panya mwenyewe haumwi. "Ana kifo tumboni na bado ananenepa," ulimwambia dada yako Lombeh. "Unamfungulia mlango wa mtego, naye anakutazama tu, ametulia."

Ijumaa baada ya swala ulikula kwa mama. Hukukosa hata moja. Wali wa mpunga wa mlimani na majani ya muhogo, mafuta ya mawese yakielea juu, na mama akikuongezea kabla hujamaliza. Ulipougua, siku ya nne ulipoanza kutoka damu kwenye fizi, uliulizia Ijumaa ni lini.

Hukuifikia. Na hapa ndipo sisi wa familia yako tulipokosea, nasi tunalisema hapa gazetini, mahali ambapo kila mtu anasoma, kwa sababu tumeambiwa tuseme.

Siku ya arobaini ilikuja barua kutoka maabara. Lombeh ndiye aliyeisoma uani, kwa sauti, watu wote wamekaa. Kirusi kilichotolewa kwenye damu yako, ilisema barua, kinalingana karibu kabisa na kirusi cha panya aliyenaswa katika nyumba ya Tenneh. Macho yote yalimgeukia mkeo. Tenneh ni yeye, nani mwingine? Alisimama akasema nyumba yake haina panya. Hakuna aliyemsikiliza. Tulisema ni mchafu, tulisema amekuua kwa uvivu wake, na kabla jua halijazama alikuwa barabarani na mzigo wake anarudi kwao. Bintiyo Jebbeh, miaka mitatu, tulibaki naye, kwa kuwa ni damu yetu.

Mtoto alilia siku tisa, kisha akaacha. Tulijipongeza kwamba amezoea.

Miezi miwili iliyopita alikuja Fatorma, mwenzako wa kazi, kurudisha daftari lako na kutuonyesha karatasi. Alitaka pia ruhusa ya kulaza mitego tena pale kwa mama, kumalizia hesabu uliyoianza. Aliifungua karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Juu yake palichorwa mti wa ukoo wa kirusi, mistari ikigawanyika na kugawanyika, na kwenye kila ncha namba ya panya. Kati ya panya wawili palikuwa na namba moja ambayo haikuwa ya panya.

"Huyu hapa ndiye Kemokai," alisema.

Panya aliye juu yako alinaswa wiki chache kabla hujaugua. Aliye chini yako alinaswa miezi mitatu baada ya mazishi, na kirusi alichobeba ni ndugu mdogo wa kile kilichokuua. Lombeh aliuliza kama damu yako bado ipo. Fatorma alisema ipo, kwenye kichupa, kwenye jokofu la baridi kali. Aliuliza kama kile kilichomo ndani yake kimekufa. Fatorma alikunja karatasi taratibu, akasema hapana, kimelala.

Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba uko sehemu moja tu, kule makaburini.

Asubuhi yake Fatorma akalaza mitego minane katika ghala la mpunga la mama, samaki mkavu na chikichi ndani ya kila mmoja. Saa nane mchana, jua likichoma na kuku wamejificha kivulini, tulisikia mlango wa bati ukijifunga. Ta. Kisha wa pili. Kisha wa tatu, kutoka mlangoni kuelekea ndani, bila haraka, jinsi ulivyokuwa ukiijaribu mmoja mmoja kwa kidole kabla ya kuitega. Minane. Fatorma aliingia akaikagua. Yote imefungwa, chambo hakijaguswa, hamna panya hata mmoja. Aliitega upya. Siku ya pili, saa nane, ikawa vilevile.

"Mwacheni amalize kazi yake," mama alisema, akaendelea kupepeta.

Fatorma hakuitega siku ya tatu. Lombeh, kwa kuogopa kukaa bure na kusikiliza, alilichukua daftari lako akaanza kulisoma. Mwandiko wako ule ule, unaoinama kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nyumba ya Gbessay, mitego minane, hakuna. Nyumba ya Gbessay, hakuna. Kurasa nzima hakuna. Na kila Ijumaa, wino uleule: Nyumba ya Tenneh, mitego minane, panya watatu. Nimemwomba tena aweke mpunga kwenye pipa lenye kifuniko. Amecheka. Nimekula.

Hapo ndipo dada yako alipokumbuka.

Mkeo hukumwita Tenneh bali Gbessay, jina la anayezaliwa akiwafuata mapacha. Tulikucheka kwa hilo. Ulituuliza mwanamume atapazaje sauti kumwagiza maji mwanamke kwa jina la mama yake mzazi, tukazidi kucheka. Kisha tukasahau sababu. Mama yetu amekuwa Mama kwa miaka arobaini. Baba alipofariki aliondoka mtu wa mwisho aliyemtaja kwa jina. Katika ua wetu mzima hakuna aliyekumbuka kwamba Mama naye ana jina, na kwamba jina hilo ni Tenneh. Wewe ulilikumbuka, kwa sababu kazini ulitakiwa kuandika jina la mwenye nyumba.

Lombeh alilificha daftari chini ya godoro siku mbili. Tuseme ukweli, alitafuta kiberiti. Gbessay alikwisha kuondoka na alikwisha kuumia; mama ni mzee, na moyo wake ni mmoja. Mama ndiye aliyemfuata, mchana, akakaa kitandani na kumwambia asome alichoandika mwanawe. Akasomewa yote, hadi lile neno la mwisho.

"Ni zamani sijasikia mtu akinitaja," alisema. Kisha: "Kumbe ni wali wangu."

"Ni panya, mama."

"Ni wali wangu, na ni mimi niliyekuwa nikimwongezea. Alijua, akala, kwa vile ni mimi. Nenda kaniletee somo yangu."

Kwao Gbessay, Lombeh hakukaribishwa kiti. Mkeo alikuwa akivunja kokwa za chikichi, na aliendelea kuvunja hadi maneno ya kuomba msamaha yakaisha.

"Niliwaambia nyumba yangu haina panya."

"Ulituambia, wifi."

"Mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Ile khanga uliifungua wewe, kwa mikono yako."

"Ni mimi."

"Mliniita mchafu mbele ya watu. Basi mkaseme mbele ya watu. Mkishasema, nitakuja."

Ndiyo maana, ndugu msomaji unayepita hapa, kumbukumbu hii si fupi kama nyingine.

Mpunga tumeuhamishia kwenye mapipa yenye vifuniko, Kemokai, na ghala tumelibomoa. Pamebaki ardhi tupu. Mitego alikwisha kuichukua Fatorma. Bado saa nane tunaisikia, minane, kutoka palipokuwa mlango kuelekea ndani, na sasa hatuinuki tena. Mama huihesabu kwa midomo. Tunakuombea upumzike. Tunaogopa pia kwamba hutaki.

Gbessay alisomewa maneno haya kabla hayajachapishwa, akayakubali, na Alhamisi akafika. Jebbeh alimtazama kwa muda mrefu, kisha akajificha nyuma ya bibi yake na kuuliza huyu mgeni ni nani.

Tunaokukumbuka ni sisi: mama yako mzazi, Tenneh, aliyetaka jina lake litangulie; mkeo, Tenneh, Gbessay wako, asiye na kosa lolote; Fatorma na wenzako wote wa maabara; bintiyo Jebbeh, anayefundishwa upya kusema mama; na dada yako Lombeh, aliyeifungua ile khanga.

Hatutakusahau maisha yetu yote.